Kura ya Askari Polisi

Mji wa Koboko umekaa pembeni mwa Uganda, jirani na Sudan Kusini na Kongo, na wazee wake hawasahau upesi. Tangu 1971 hadi 1979 serikali ya Idi Amin, mwana wa Wakakwa wa upande huu, ilipiga marufuku shughuli za vyama, na uchaguzi wa wabunge haukufanyika hata mara moja. Serikali hiyo ilipoanguka, familia nyingi zilikimbilia Sudan na Zaire kwa kuwahofu wenye silaha. Ndiyo maana mwenye sare akizungumza siasa Koboko, watu huitazama bunduki kwanza, kisha ndipo wasikilize maneno.

Je, askari polisi si raia? Ni raia kamili. Katiba ya 1995 humpa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka 18, tena humwagiza ajiandikishe; mwenye sare hakutengwa. Lakini mwaka 2005, mwaka ule ule Koboko ilipotengwa na Arua ikawa wilaya, ilipitishwa sheria ya vyama vya siasa. Sheria hiyo humkataza polisi, sawa na mwanajeshi na askari magereza, kuwa mwanachama, kushika cheo chamani, kusema hadharani juu ya mabishano ya vyama, au kumwombea kura mgombea wa chama. Tanzania nayo, baada ya kurudisha vyama vingi mwaka 1992, ilishika njia hiyo hiyo: askari apige kura, asiwe na kadi ya chama.

Akitamani ubunge, sharti ajiuzulu siku 90 kabla ya siku ya uteuzi. Hapo ndipo nyumba nzima inapoguswa, kwani mshahara hukoma kabla mke hajajua kama mumewe atapata japo kura kumi. Jeshi limewekewa wawakilishi 10 Bungeni. Polisi hawakuwekewa hata mmoja. Si ajabu wengine wakiona uzito wa jambo hilo.

Makatazo hayo, hata hivyo, ni ya mwenye kazi peke yake. Mke wa polisi, ikiwa yeye mwenyewe si mtumishi wa serikali, ana ruhusa ya kuingia chama, kuhudhuria mikutano, hata kugombea udiwani. Ila picha ya mgombea ikibandikwa kwenye mlango wa nyumba ya kambini, wapita njia hawataulizana ni ya mume au ya mke. Heri aipeleke kwa dada yake mjini.