Fahamu: Usonji na mazungumzo ya vijana darasani

Usonji ni nini?
Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Si laana, wala hauambukizi.

Kwa nini mazungumzo humtatiza mwanafunzi mwenye usonji?
Mwanafunzi wa sekondari Mbinga au Mbamba Bay anaweza kueleza kila kitu kuhusu mbasa na usipa wa Ziwa Nyasa, asitambue kwamba mwenzake amechoka kusikiliza. Akiulizwa "Habari za nyumbani?" huenda akatoa taarifa kamili. Utani na mafumbo mara nyingi humpita. Kutomtazama mtu machoni si utovu wa adabu. Anayemwadhibu kwa hilo anamwonea.

Wenzake wafanyeje?
Wamuulize swali moja lililo wazi, kisha wasubiri. Mazungumzo ni ya wawili, hivyo nao wajifunze. Kusoma pamoja nao ni haki yake chini ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010.