Mchoraji wa Alfu Lela Ulela

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia skuli ya Serikali tulifundishwa mapema kwamba kuchora kiumbe chenye roho ni jambo la kuepukwa. Tulitii kwa mikono, lakini macho hayakutii. Usiku, bibi zetu walipotuhadithia habari za Sindbad Baharia na za jini aliyefungiwa ndani ya chupa, kila mmoja wetu alijichorea kichwani picha zake, wala hapakuwa na mwalimu wa kuzifuta.

Miaka mingi baadaye, tukiwa watu wazima wenye dhamana za Chama, tulifungua kabati la maktaba moja ya hapa kisiwani tukitafuta kitabu cha kilimo cha mpunga. Tulitoka na Alfu Lela Ulela ya Kiingereza, iliyosimuliwa upya na Laurence Housman na kuchapishwa London mwaka 1907, yenye picha 50 za rangi zilizochorwa na Edmund Dulac. Mpunga ulisubiri hadi siku ya pili.

Ndugu wasomaji, tukiri kosa letu. Tulikuwa tumezoea kusema kwamba picha za mabinti wa kifalme na bustani za mbalamwezi ni anasa ya mabwanyenye. Tena neno hilo lilikuwa na ukweli wake, maana vitabu vya namna hii viliuzwa kwa bei ya juu kuwa zawadi za matajiri. Lakini mbele ya usiku wa Dulac, ule wa buluu nzito yenye taa moja tu ndogo dirishani, hoja yetu ilikosa pa kusimama. Tuliuona usiku ule ule wa bibi zetu.

Dulac hakuwa mtu wa Mashariki. Alizaliwa Toulouse, Ufaransa, mwaka 1882, akasomeshwa sheria, akaichoka, akahamia skuli ya sanaa. Alikwenda London akiwa kijana, na mwaka 1912 akawa raia wa Uingereza. Baghdad yake ni ya kubuni: mna Uajemi, mna Bara Hindi, mna hata Uchina na Japani. Mwenye kutaka kumlaumu kwa hilo ana haki. Hata hivyo, hadithi zenyewe zilisafiri kwa njia hizo hizo, zikipakiwa kila bandari, na huenda mchoraji alizifahamu kuliko mabwana wengi walioandika vitabu vinene juu ya Mashariki.

Bahati pia ilimsaidia. Wakati huo mitambo ya uchapaji ilikuwa imeanza kuchanganya rangi tatu kwa usahihi, hivyo mchoraji wa rangi za maji hakulazimika tena kuizungushia kila sura mstari mweusi wa wino. Rangi yenyewe ilisema. Picha zilichapwa mbali, kwenye karatasi laini, kisha zikagandishwa kwa gundi juu ya karatasi nene ya kitabu.

Vita vya 1914 viliharibu soko la vitabu vya fahari. Dulac hakukaa akilalamika. Alichora vibonzo vya watu mashuhuri, mwaka 1916 akatengeneza mavazi na vinyago vya mchezo wa Yeats, kisha akachora hata noti na stempu. Sura ya Mfalme George wa Sita katika stempu za Uingereza za mwaka 1937 ni kazi ya mkono wake. Alifariki Mei 1953, siku chache kabla ya kutolewa stempu ya kutawazwa Malkia aliyokuwa ameichora.

Watoto wetu wana Sindbad wao, na majini na mabinti wa kisiwani wasiohesabika, lakini vitabu vyao vya hadithi, kwa vile tulivyoviona, vingi havina rangi hata moja. Ndugu zetu wenye dhamana ya vitabu vya skuli wakipata nafasi, wakiangalie kile cha kabatini. Waende upesi. Gundi ya zamani imelegea, na tulipokirudia mara ya mwisho picha mbili zilikuwa zimeng'olewa. Aliyenazo na azirudishe, hatutamwuliza jina.