RAM Yenye Koti na RAM Tupu: Ulipie Ipi?

Ukiingia duka la vifaa vya kompyuta Kariakoo, au barabara ya Luthuli kule Nairobi, ukaulizia RAM ya GB 16, huenda ukawekewa mbili mezani. Moja ni kibao chembamba ambacho chipu zake ziko wazi. Nyingine imevishwa bamba la alumini pande zote mbili, pengine na taa za rangi mgongoni. Muuzaji atakuambia hii ya pili haipati moto, ndiyo maana bei yake imechangamka.

Mimi nasema kwa wanunuzi wengi bamba hilo ni koti tu, na joto la kuhitaji koti lenyewe halipo. Kipande kimoja cha RAM ya kizazi cha DDR4 hutumia volti 1.2 na hula wati chache, kama tatu hadi tano kikiwa kazini. Prosesa ya kompyuta ya mezani yaweza kuvuka wati 100, na kadi ya michoro ya wacheza gemu ikapita 200 bila jasho. Wati tatu zilizotawanywa juu ya chipu nane au kumi na sita si moto wa kutisha.

Chipu zenyewe nazo ni vumilivu. RAM huhifadhi data kama chaji za umeme ndani ya vijichumba vidogo mno vinavyovuja, hivyo kompyuta hulazimika kuvijaza upya kila mara, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Joto likipanda, uvujaji huongezeka. Kiwango cha kawaida cha kazi hufika nyuzi joto 85. Kati ya hapo na 95 chipu bado hufanya kazi, ila hujazwa mara mbili zaidi. Kompyuta ya ofisi haikaribii huko, hata katika joto la Februari Dar es Salaam.

Hebu fungua laptopu uone: kwa kawaida RAM yake iko tupu. Hata seva zinazokesha mwaka mzima, nyingi zina RAM tupu vilevile. Siri yao ni feni zinazopuliza hewa juu yake bila kukoma.

Bamba halifukuzi joto, hulitandaza tu, kisha hungoja hewa ije ilichukue. Hewa isipopita, bamba nalo hupata moto na kukaa nao. Isitoshe, kati ya alumini na chipu huwa kuna utepe wa gundi, na ubora wake hauonekani dukani. RAM nyingi zina chipu upande mmoja tu, kwa hiyo bamba la upande wa pili limeegemea ubao mtupu. Hapo umelipia urembo, na urembo si dhambi, mradi ujue ndio unaoununua.

Lipo kundi ambalo koti linalifaa. Wanaopandisha kasi ya RAM kwa mipangilio iitwayo XMP au EXPO hupandisha na volti, mara nyingi hadi 1.35 au 1.4. RAM ya kizazi kinachofuata, DDR5, nayo, ingawa huanzia volti 1.1, imebeba chipu ya kudhibiti umeme ambayo zamani kazi yake ilifanywa na ubao mama, na chipu hiyo hupata joto lake. Ongeza kadi ya michoro inayotema hewa ya moto karibu yake, na bamba zuri lenye hewa ya kutosha litapunguza nyuzi kadhaa. Hata hivyo, RAM za kasi kubwa karibu zote huja zimeshavishwa, kwa hiyo hapo huna la kuchagua.

Gharama ambayo haiandikwi kwenye bei ni urefu. RAM tupu ina kimo cha milimita 31 hivi, yenye koti refu kama G.Skill Trident Z hufika 44. Kipoza prosesa kikubwa kama Noctua NH-D15 chenye feni mbili huacha nafasi ya milimita 32 tu, hivyo kwa RAM ndefu utalazimika kuinua feni au kuitoa.

Kwa RAM iliyotumika, tupu ina faida nyingine: maandishi ya chipu unayasoma kwa macho yako, hununui mbuzi ndani ya gunia. Na iliyovaa koti usijaribu kuivua ukague, maana gundi inaweza kung'oka na chipu.

Kwa ofisi, masomo na gemu za kawaida, chukua tupu ya kampuni inayoaminika, na pesa iliyobaki nunua feni ya milimita 120 ya mbele ya kasha. Itaipoza RAM pamoja na diski na ubao mama. Kama unayo DDR5, ndani yake kuna kipimajoto. Fungua programu ya bure ya HWiNFO wakati gemu inaendelea. Ukiona nyuzi 50, endelea kucheza.