Mkono wa Stephen Strasburg

Tarehe 8 Juni 2010, mashabiki wa timu ya besiboli ya Washington Nationals walijaa uwanjani kumwona kijana mmoja. Stephen Strasburg alikuwa na umri wa miaka 21 na alikuwa hajawahi kucheza mechi hata moja ya ligi kuu ya Marekani. Mwaka uliotangulia alikuwa amechaguliwa wa kwanza kati ya chipukizi wote nchini, akasaini mkataba wa zaidi ya dola milioni 15. Usiku ule aliwatoa wapigaji 14 wa Pittsburgh Pirates, kila mmoja akimaliza nafasi zake tatu bila kuupeleka mpira popote.

Kwa asiyeujua mchezo huu, mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo na kumtupia mpira mpigaji mwenye gongo, umbali wa mita 18 hivi. Mipira ya Strasburg ilipita kasi ya kilomita 160 kwa saa. Mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuamua apige au aache.

Kasi hiyo ina gharama. Mkono hupinda nyuma kabisa kisha hufyatuka, na mzigo mkubwa huiangukia kano iliyo upande wa ndani wa kiwiko, inayoshikanisha mfupa wa juu na wa chini. Mwezi Agosti mwaka huohuo, baada ya mechi 12 tu, kano ya Strasburg ilichanika.

Zamani huo ungekuwa mwisho wake. Sandy Koufax wa Los Angeles Dodgers, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa warushaji bora kuliko wote, alistaafu mwaka 1966 akiwa na miaka 30, baada ya misimu ya kuchomwa sindano na kuloweka kiwiko kwenye barafu. Mambo yalibadilika mwaka 1974, daktari Frank Jobe alipochukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mrushaji Tommy John, akatoboa mifupa ya kiwiko na kuipitisha humo. John alikaa nje msimu mzima wa 1975, akarudi, akashinda mechi nyingine 164. Hadi leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake, na Strasburg naye aliupitia.

Hapa ndipo ulipozuka ubishi ambao mashabiki wa Washington hawajaumaliza. Mwaka 2012 Nationals walikuwa moto wa kuotea mbali: walishinda mechi 98. Hata hivyo meneja mkuu, Mike Rizzo, alikuwa ametangaza kwamba mkono uliofanyiwa upasuaji utapumzishwa msimu ukifika mbali, na mwezi Septemba alitimiza neno lake. Strasburg mwenyewe hakufurahi. Katika mechi ya tano ya mtoano dhidi ya St. Louis Cardinals, iliyokuwa ya kufa na kupona, Nationals waliongoza kwa 6–0, kisha wakalala 9–7 huku mrushaji wao hodari akitazama tu.

Lawama zilimwangukia Rizzo. Ni rahisi kuelewa hasira ile, kwa kuwa nafasi ya ubingwa haiji kila mwaka. Lakini mwaka 2019 ulikuja. Strasburg alishinda mechi tano za mtoano bila kupoteza hata moja, akaizima Houston Astros katika mechi ya sita ya fainali, na Nationals wakatwaa ubingwa wao wa kwanza. Yeye ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa fainali hizo.

Zaidi kidogo ya mwezi mmoja baadaye alipewa mkataba wa miaka saba wenye thamani ya dola milioni 245. Tangu hapo alianza mechi nane tu. Safari hii tatizo halikuwa kiwiko: mishipa ya fahamu na ya damu inayopita kati ya mfupa wa mtulinga na ubavu wa kwanza ilikuwa inabanwa, mkono ukapata ganzi. Madaktari walimtoa ubavu mmoja, lakini nguvu ya zamani haikurejea. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Juni 2022, na mwaka 2024 alistaafu rasmi akiwa na miaka 35.

Wapo wanaosema alilipwa bure. Hawasemi haki. Mchumia juani hulia kivulini, naye alichuma juani mwaka 2019, akirusha vipindi zaidi ya 240 ukijumlisha msimu na mtoano, kwa mkono uliokwisha kupasuliwa.

Kupumzishwa mwaka 2012 hakukumpa mwili usioumia. Kulifanyika kwa nia njema, na miaka saba baadaye mkono uleule ukaleta kombe. Kwa hiyo, shabiki anayemshangilia kijana mwingine anayerusha kwa kasi ya kilomita 160, siku atakapoona kocha amemtoa mapema, asizomee.