Kumuuguza samaki si kumtilia dawa

Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa hapa Nairobi, alijiwekea akiba muhula mzima akanunua samaki mmoja wa mapambo wa aina iitwayo beta. Alikuwa wa rangi ya samawati iliyokoza, mwenye mapezi marefu yaliyomfuata nyuma kama vazi la bibi harusi. Akampa jina la Sultani. Muuzaji alimhakikishia kwamba samaki huyo hana makuu: chupa ya kioo ya lita mbili, maji ya mfereji na chakula kidogo, basi. Hiyo ilikuwa Mei 2023. Ilipofika katikati ya Julai, Sultani alikuwa amelala chini ya chupa, mapezi yamekunjamana, na kingo zake zimeliwa kama karatasi iliyopitiwa na mende.

Nami, kama ilivyo ada ya wasomi wengi, nikajitia kujua. Kabatini mlikuwa na vidonge viwili vya viuavijasumu vilivyosalia nilipotibiwa jino. "Baba, kwani hiyo ni dawa ya samaki?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba bakteria ni bakteria. Nikakisaga kidonge kimoja, nikakitia chupani. Siku mbili baadaye Sultani alikuwa akipanda juu kwa taabu kuvuta hewa, kisha akizama kama jiwe.

Ndipo nilipompigia simu rafiki yangu mmoja, mwalimu wa biolojia. Sikuulizwa hata swali moja kuhusu ugonjwa. "Mwalimu mwenzangu," akasema, "maji yana nyuzijoto ngapi?" Sikujua. Akaja jioni hiyo na kipimajoto cha maabara, akatuachia tupime alfajiri. Tulipopima, tukakuta nyuzi 17 za Selsiasi.

Yafaa ieleweke samaki huyu ametoka wapi. Asili yake ni Thailand, katika mashamba ya mpunga na vinamasi vya nchi hiyo, ambako huitwa pla kat, yaani samaki aumaye, kwa kuwa madume yake hupigana vikali yakikutanishwa. Mtaalamu Charles Tate Regan ndiye aliyempa jina la kisayansi Betta splendens mnamo 1910, na mwaka wa 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Ana kiungo maalumu kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, mbali na ile aipatayo kwa matamvua. Hapo ndipo ulipozaliwa uongo wa kwamba aweza kuishi katika kikombe. Kweli, maji ya konde la mpunga ni ya kina kifupi, lakini ni mapana na yana joto la nchi ya joto. Beta anahitaji nyuzi 24 hadi 28. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai yetu kila mtu anaijua. Samaki hana damu ya kujipasha moto. Maji yakipoa, naye hupoa, mmeng'enyo wa chakula ukazorota na kinga ya mwili ikalegea.

Kuna na adui wa pili, asiyeonekana. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo huunguza matamvua. Katika tangi lililokomaa wamo bakteria wema wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao huchukua majuma kadhaa kujijenga, na viuavijasumu vyaweza kuwaua pamoja na wale wabaya. Kwa hiyo kidonge changu huenda kilikuwa kinawamaliza walinzi.

Wanafunzi wangu wa isimu huniuliza mara kwa mara kuhusu kitenzi "uguza". Tukitumia kauli ya kutendesha, pungua huzaa punguza, ungua huzaa unguza, potea huzaa poteza: kusababisha jambo litokee. Kwa kanuni hiyo, kuuguza kungekuwa ni kumfanya mtu augue. Lakini sivyo tunavyokitumia. Muuguzi ni yule akaaye na mgonjwa, amlishe, amgeuze, ampepee. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiieleza hali hiyo ubaoni kwa utulivu kabisa. Asubuhi ile, mbele ya chupa, maana zote mbili zilinihusu.

Tukaanza upya. Tulinunua tangi la kioo la lita 20, hita ndogo na kichujio cha mkondo hafifu, maana mapezi marefu hayapendi maji ya kasi. Joto tulilipandisha polepole, kwani badiliko la ghafla nalo huua. Kila siku tulitoa robo ya maji tukatia mengine ya joto lile lile, yaliyokwisha kutiwa dawa ya kuondoa klorini. (Kuyaacha maji wazi usiku kucha husaidia kuondoa klorini, lakini kloramini haiondoki hivyo.) Sabuni haikugusa chombo chochote. Siku mbili hatukumlisha kabisa, jambo lililomliza binti yangu, kisha tukampa punje mbili asubuhi na mbili jioni.

Si kila beta huokolewa hivyo. Mwenye madoa meupe kama chembe za chumvi ana kimelea, na huyo anahitaji tiba yake mahususi. Akivimba tumbo, magamba yakasimama mwili mzima, mara nyingi figo zimekwisha kushindwa, na dawa haimfai tena. Wajuzi humlaza kabisa kwa kiasi kikubwa cha mafuta ya karafuu, karafuu zizi hizi zilizoipa Pemba jina, kwa kuwa humtia ganzi kwanza. Nilimweleza binti yangu hayo mapema, naye akanyamaza.

Mwishoni mwa Agosti utando mwembamba, mwangavu kama ganda la ndani la kitunguu, ulianza kuchipuka kwenye kingo za mapezi. Rangi ikafuata baadaye. Upande mmoja wa mkia ulibaki mfupi. Sultani aliishi mpaka Machi 2025. Daftari ambamo binti yangu alikuwa akiandika joto la maji kila alfajiri bado liko rafuni, na mstari wake wa kwanza, wa Julai ile, unasema: "Nyuzi 17. Baba alimtilia dawa juzi."