Rangi Zinazopotoka katika Kamusi Elezo za Sidi

Katika miaka ya 1990, kamusi elezo zilizohifadhiwa katika sidi ziliunganisha matini, picha, sauti na filamu. Mashuhuri miongoni mwazo ni Encarta ya kampuni ya Microsoft, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1993 na kukomeshwa mwaka 2009. Sidi za aina hii zinapofunguliwa katika kompyuta za baadaye, huenda nyuso za watu zikaonekana za kijani, au programu ikakataa kufunguka. Msomaji hudhani kuwa sidi imeharibika, ilhali aghalabu ni nzima.

Chanzo ni namna rangi zilivyohesabiwa. Programu nyingi za wakati huo zilitungwa kwa ajili ya kiwambo cha rangi 256, chenye upana wa pikseli 640 na kimo cha 480. Kila nukta ya picha haikubeba rangi yenyewe, bali namba kati ya 0 na 255 iliyorejelea orodha ya rangi. Windows ilijiwekea rangi 20, zikabaki 236. Programu nyingine ikiibadili orodha hiyo, namba husalia zilezile lakini rangi hupotoka. Ni mfano wa mwalimu anayewaita wanafunzi kwa namba huku ameshika daftari la darasa jingine.

Marekebisho yake si magumu. Kwanza, programu nyingine zote zifungwe. Pili, katika Windows XP ya mwaka 2001, sifa za programu hufunguliwa kwa kubofya alama yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya; kisha, katika sehemu ya utangamano, huchaguliwa rangi 256 na kiwambo cha 640 kwa 480.

Hata hivyo, njia hiyo ina mipaka. Programu za biti 16, zilizotungwa kwa Windows 3.1, haziendeshwi kabisa na Windows ya biti 64. Hizo huhitaji kompyuta ya zamani, au programu inayoiga kompyuta hiyo ndani ya ile mpya.

Juhudi hiyo ina faida kwa watafiti. Matoleo yaliyotangulia mwaka 1997 huieleza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa jina la Zaire. Kuyatupa kwa sababu ya rangi zilizopotoka ni kupoteza ushahidi wa jinsi nchi hii ilivyoelezwa ulimwenguni katika kipindi hicho.