Ujuzi wa Leo na Uwezo wa Kesho: Vigezo vya Kuwapima na Kuwalinganisha Mawinga Chipukizi wa Kilimatinde, Mkoani Singida

1.0 Utangulizi

Kilimatinde ni kata ya Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, iliyo ukingoni mwa Bonde la Ufa. Kama ilivyo katika maeneo mengi ya vijijini nchini Tanzania, njia iliyo wazi zaidi ya kumfikisha kijana wa huko mbele ya makocha ni michezo ya shule, yaani UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Mashindano hayo huanzia ngazi ya chini, hupanda hadi wilaya na mkoa, kisha taifa, na katika kila ngazi wachezaji huchujwa kwa muda mfupi. Winga anayeachwa wilayani husubiri mwaka mzima. Akiwa kidato cha nne, huenda asipate nafasi nyingine. Timu iliyokosea uteuzi hupoteza mchezo, ilhali kijana aliyeachwa kimakosa hupoteza njia.

Makala haya yanaeleza namna ya kumpima winga chipukizi na kumlinganisha na wenzake. Hoja kuu ni kwamba kasi, ambayo ndiyo sifa inayoonekana kwa urahisi zaidi, hupotosha uteuzi endapo haitasomwa pamoja na ukomavu wa mwili na ubora wa maamuzi ya mchezaji.

2.0 Ujuzi na Uwezo Tarajiwa

Ujuzi ni kile ambacho mchezaji anakifanya sasa: kutuliza mpira, kumpiga chenga beki, kupiga krosi, kurudi kukaba. Uwezo tarajiwa ni makadirio ya kile atakachoweza kukifanya baada ya kukua na kufundishwa. La kwanza huonekana uwanjani. La pili hukisiwa kutokana na dalili. Mteuzi anayeyachanganya mawili haya humwita kijana mwenye nguvu “kipaji”, na kijana mwenye kipaji humwita “dhaifu”.

3.0 Kasi na Maamuzi: Funzo kutoka Marekani

Tofauti hiyo hudhihirika vizuri katika mpira wa miguu wa Kimarekani, ambako vipimo vya wachezaji hurekodiwa na kutangazwa. Mpokeaji wa pembeni katika mchezo huo ana kazi inayokaribiana na ya winga: kujitenga na beki anayemkaba na kuupokea mpira mahali penye nafasi. Mwaka 2017, John Ross alikimbia yadi 40, yaani takribani mita 36.6, kwa sekunde 4.22, muda uliovunja rekodi ya majaribio rasmi ya wachezaji wapya wa NFL. Alichaguliwa wa 9. Cooper Kupp, aliyetoka chuo kisicho katika daraja la juu, alikimbia kwa sekunde 4.62 na kuchaguliwa wa 69. Msimu wa 2021, Kupp aliongoza ligi nzima kwa kupokea pasi 145 na kupata yadi 1,947. Ross hakuwahi kufikia kiwango hicho.

Kasi haikukosa thamani katika mfano huu. Kilichokosekana kwenye kipimo ni wakati wa kuanza mbio, pembe ya kukimbilia na usomaji wa nia ya beki. Sifa hizo hazipimwi kwa saa; hutazamwa mchezo baada ya mchezo.

4.0 Umri na Ukomavu wa Mwili

Katika UMISSETA, mwanafunzi wa miaka 15 anaweza kukabiliana na beki wa miaka 18. Hata wenye umri mmoja hutofautiana, kwa kuwa kilele cha kasi ya ukuaji wa kimo kwa wavulana, ambacho kwa wastani huwa karibu na miaka 14, huwahi kwa wengine na kuchelewa kwa wengine. Helsen na wenzake (2005), walipochunguza soka la vijana katika nchi kumi za Ulaya, walibaini kwamba waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wa uteuzi walikuwa wengi kupita kiasi katika timu teule. Wateuzi walidhani wanachagua vipaji, kumbe kwa sehemu walikuwa wakichagua tarehe za kuzaliwa.

Mirwald na wenzake (2002) walitoa kanuni ya kukadiria ukomavu kwa kutumia umri, uzito, kimo cha kusimama na kimo cha kukaa. Utepe na mizani vinatosha, hivyo kanuni hiyo inatekelezeka hata Kilimatinde. Hata hivyo, usahihi wake hupungua kwa wanaowahi sana au kuchelewa sana kukomaa. Kwa hiyo itumike kuwapanga vijana katika makundi, isitumike kumwondoa yeyote.

5.0 Masharti ya Ulinganisho wa Haki

Sharti la kwanza ni usawa wa jukumu. Simon Msuva, akicheza zaidi pembeni katika klabu ya Yanga, alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2014/15 kwa mabao 17. Kumlinganisha kwa mabao na winga aliyeagizwa kubaki mstarini na kupiga krosi ni kulinganisha maagizo ya makocha.

Sharti la pili ni usawa wa fursa. Kwa mfano wa kufikirika, winga A akimkabili beki mara 12 na kumpita mara 6, na winga B akimkabili mara 5 na kumpita mara 4, A anaongoza kwa idadi na B kwa uwiano. Hata hivyo, matukio matano hayatoshi kutoa hukumu. B anastahili kutazamwa tena.

Sharti la tatu ni usawa wa mazingira. Wakati wa kiangazi, ardhi kavu na ngumu huufanya mpira udunde kusikotarajiwa. Kijana anayeutuliza mpira katika uwanja huo ameonyesha ujuzi ambao nyasi nzuri zingeuficha.

6.0 Hitimisho

Uteuzi wa winga chipukizi uongozwe na maswali matatu: anafanya nini sasa, anakifanya akiwa katika hatua gani ya ukuaji, na amepewa fursa ngapi za kukifanya. Katika ngazi ya wilaya, daftari la matukio, utepe na mizani vinaweza kuanza kuyajibu. Aidha, orodha ya walioachwa ihifadhiwe pamoja na vipimo vyao na kupitiwa upya mwaka unaofuata, kwa kuwa kijana anayechelewa kukomaa hawezi kuonekana na mteuzi anayetazama mara moja tu.